Kuondoa mlegezo kwenye rodi za gia za gari dogo la mbio

Gia zikianza kugoma kuingia, wengi hukimbilia kufupisha mwendo wa liva. Hilo ni la mwisho. Liva fupi huhitaji nguvu zaidi, na kama rodi zinazounganisha liva na giaboksi zimelegea bado hutajua gia imeingia au imeishia njiani. Anza na mlegezo, yaani nafasi ya kucheza ndani ya jointi.

Pima kabla ya kununua chochote. Zima injini, ingiza gia ya tatu, mwenzako aushike mkono wa kuchagulia gia kwenye giaboksi usisogee, kisha tikisa kirungu cha liva na upime kwa rula. Ikiwa liva kutoka kwenye egemeo kwenda juu ni ndefu mara 4 kuliko kwenda chini, milimita 1 ya mlegezo kwenye rodi huwa milimita 4 mkononi. Jointi nne zenye nusu milimita kila moja hukupa milimita 8. Wakati liva inatikiswa, weka kidole kwenye kila jointi, nusu juu ya jicho (pete ya jointi) na nusu juu ya bolti inayopita ndani yake: iliyolika utaisikia ikigonga.

Kisha chagua jointi kwa kazi yake. Hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Rodi inayosukuma na kuvuta tu hufungwa rodiendi, kile kichwa cha pete chenye tufe la chuma ndani. M8 (ya bolti ya milimita 8) inatosha kwa magari mengi madogo. Lakini rodiendi huachia rodi ijizungushe, kwa hiyo kwenye mfumo wa rodi moja, inayosukuma na pia kuzunguka ili kuchagua mstari wa gia (kama wa 1-2 au 3-4), haifai katikati ya njia. Hapo weka jointi za krosi (uma mbili zilizounganishwa kwa msalaba), ndogo za chuma, zisizo na mlegezo.

Krosi mbili zikiwa kwenye bomba moja la rodi, uma zake za ndani zielekee upande mmoja, na pembe za kila upande zilingane. Ukikosea, liva itazungusha mkono wa giaboksi kwa kipimo kinachobadilika. Mstari mmoja wa gia utabana na mwingine utapwaya. Pembe ya kila krosi isizidi nyuzi 30. Ikizidi, badili njia ya rodi.

Kwa bomba, tumia chuma kisicho na mshono, kipenyo milimita 19, unene milimita 1.6. Dhidi ya kujisokota, ni gumu zaidi ya mara 1.7 kuliko la milimita 16 lenye unene huohuo, na uzito hauongezeki sana. Bomba refu lipewe bushi ya kulishikilia katikati, la sivyo litapinda ukisukuma kwa haraka. Lipitishe mbali na ekzosi.

Shikiza kila kitu kwa pointi za kuchomelea gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, jaribu gia zote, ndipo utoe na kuchomelea kamili. Usitegemee skurubu ya kubana peke yake kushikilia krosi kwenye shafti: toboa, pitisha bolti ya M6 ya daraja la uimara 8.8.

Kwenye rodiendi, uzi uingie angalau milimita 12, upande mmoja uzi wa kulia na mwingine wa kushoto, ili urekebishe urefu kwa kuzungusha rodi bila kuichomoa. Kaza nati za kufungia. Bolti ishikwe pande zote mbili za jicho. Kama ni upande mmoja tu, weka washa pana kuliko pete, ili tufe likichomoka rodi isidondoke. Rodiendi zenye utando wa teflon hazipakwi grisi, maana grisi hushika mchanga unaokula utando.

Kurekebisha: giaboksi ikiwa fri, simamisha liva wima, kaza. Ingiza kila gia hadi mwisho. Kati ya liva na bodi ibaki nafasi ya milimita 5 au zaidi. Liva ikigonga bodi kwanza, gia huingia nusu, huruka ukikanyaga mafuta, na hula meno. Funga bolti ya kizuizi kwenye egemeo, iguse mara tu gia inapoingia kabisa, ili nguvu ya mkono iishie hapo badala ya kupinda uma zinazosogeza gia ndani ya giaboksi.

Gia ikiruka tu wakati wa kuongeza kasi, angalia mauntingi za injini. Mpira ukilainika injini husogea na kuvuta rodi. Hakuna jointi itakayotibu hilo.