Kikombe cha hedhi baada ya kujifungua: soma yote kabla hujaniuliza

Jamani kila wiki swali hilohilo, mtu kajifungua juzi, arobaini bado, anataka kurudia kikombe chake, kile cha mpira laini kinachovaliwa ukeni kukinga damu ya hedhi. Nimechoka kujibu mmojammoja, naandika leo.

1. Damu ya nifasi ni pedi au vitambaa safi tu. Wiki 6 usiingize kitu ukeni, pale kondo lilipobanduka ni kidonda kibichi na vijidudu vinapanda. Badilisha kila baada ya saa 4 hata kama haijajaa.

2. Pedi ikilowa chapachapa ndani ya saa 1, mabonge makubwa, harufu mbaya au homa: hospitali, usiku huohuo. Usingoje bibi aje kukukanda.

3. Hedhi ikirudi, chemsha kikombe dakika 5, kiwe na sufuria yake.

4. Saizi ya zamani huenda isikae tena. Kikivuja au kikishuka jaribu kikubwa zaidi.

5. Kutoa. Hapa ndo niliharibu mimi. Baada ya mtoto wa pili niliwekewa kitanzi cha uzazi wa mpango kwenye kizazi, siku zangu ziliporudi nikavaa kikombe kama nilivyozoea, asubuhi mtoto analia na mi nina haraka ya kwenda Ngamiani nikashika kile kimkia cha chini ya kikombe nikavuta. Kikombe kinafyonza kama chuku, ukivuta hivohivo kinavuta na kilichoko juu yake. Nikasikia maumivu ya tumbo, kujipapasa nyuzi za kitanzi zimerefuka, kliniki wakanikuta kitanzi kimeshuka hadi mlango wa kizazi, hakikingi tena, kikatolewa. Aliyeniweka hakuniuliza natumia nini na mimi sikusema. Kwa hiyo nawa mikono, chuchumaa, sukuma kidogo kama unaenda haja, vidole vifike KITAKO cha kikombe, bana mpaka hewa iingie, ndo ushushe taratibu. Kimkia ni cha kukutafutia njia tu, USIVUTE. Mwenye kitanzi mwambie mhudumu kabla hujavaa, na kama una wasiwasi baki na pedi.

MASWALI

Mama Yusra: dada mi nna wiki 3 damu imebaki kidogo sana, naweza kuvaa? jumamosi nna harusi

Hatua ya 1.

Mama Yusra: mbona mkali hivo

Si ukali mwaya, nimeandika juu kabisa. Damu kupungua sio kidonda kupona, na ukipata homa ya uzazi utalazwa na mtoto mchanga mkononi. Vaa pedi nenda harusini.

Shoga wa Chumbageni: mi nilipasuliwa, mtoto hakupita chini, mbona kikombe cha zamani kinashuka?

Swali zuri sana shoga. Mimba yenyewe miezi yote ile imelemea misuli ya nyonga, hata ukipasuliwa inalegea. Bana kama unazuia mkojo, hesabu 5, achia, mara 10, asubuhi mchana na usiku, lakini usifanyie katikati ya kukojoa. Pia siku ya hedhi ingiza kidole safi uguse mlango wa kizazi, ukiufikia mapema kizazi kimekaa chini, tafuta kikombe kifupi. Ukihisi kitu kinaning'inia ukeni au mkojo unakutoka ukikohoa, nenda kliniki, hiyo sio ya kuzoea.

Mama Twaha: nanyonyesha miezi 4 sijaona siku, bado sihitaji uzazi wa mpango?

Kama mtoto anapata maziwa yako tu usiku na mchana, hajafika miezi 6 na hujaona damu, kinga ipo kubwa. Kimoja kikivunjika tu nenda kliniki, yai hutangulia kabla ya hedhi, unaweza kubeba bila kuona siku hata moja.

Bi Mwana: natoka nje ya mada, vitambaa vyangu havitakati

Maji ya baridi kwanza bibie, ya moto yanagandisha damu. Kisha sabuni ya mche, anika juani. Usifiche uvunguni.

Bi Mwana: na masika haya?

Piga pasi ya moto mpaka vikauke kabisa, unyevu ndo unaoleta muwasho.