Kugawa safu mbili katika poka: jinsi ya kuikokotoa hesabu yake

Katika poka ya Texas Hold'em inayochezwa kwa fedha taslimu, wachezaji wawili waliokwisha kuweka fedha zao zote kabla karata tano za mezani, ambazo ni za wote, hazijatimia wanaweza kukubaliana kwamba karata zilizosalia zigawiwe mara mbili, na kila mgao, yaani safu, uamue nusu ya dau. Wengi hukubali au hukataa kwa hisia tu, ilhali hesabu yake ni fupi.

Tuseme una saba na sita za kopa, mpinzani ana ree na mfalme wa shupaza, na mezani kuna mfalme na tisa za kopa, nne ya shupaza na mbili ya pau. Imesalia karata moja, na dau lote ni dola 2,000. Ondoa karata nane zinazojulikana katika 52, zinabaki 44. Kati ya hizo kopa ni 9, nazo pekee ndizo zinazokupa ushindi, kwani zinakukamilishia kopa tano zinazoshinda jozi ya wafalme ya mpinzani. Kwa hiyo thamani tarajiwa yako, yaani wastani wa utakachopata hali hii ikirudiwa mara nyingi, ni 9/44 ya dau, yaani takriban dola 409.

Sasa gawa mara mbili bila kuirudisha karata ya kwanza. Kopa ikitoka mwanzo, uwezekano wa safu ya pili ni 8/43. Isipotoka, ni 9/43. Zidisha kila hali kwa uwezekano wake, kisha jumlisha: unapata tena 9/44 ileile. Anayedai kwamba safu ya pili humpunja mwenye kutafuta kopa anaitazama hali moja na kuisahau nyingine. Dola 409 hazijaguswa.

Kinachobadilika ni mtawanyiko wa matokeo. Kwa safu moja, unakosa kila kitu kwa asilimia 79.5. Kwa safu mbili, unakosa zote kwa asilimia 62.9, unagawana dau kwa asilimia 33.3, na unazoa lote kwa asilimia 3.8. Mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha mtawanyiko huo, unashuka kutoka dola 807 hadi 564, na kwa safu tatu hadi 455. Lau karata zote 44 zingegawiwa, kila moja ikiamua sehemu yake ya dau, ungelipwa dola 409 bila bahati kuingia kabisa.

Hesabu hii inahusu fedha zilizokwisha kuwekwa tu. Mpinzani anayejua mapema kwamba wewe huwa unakubali safu mbili huweza kuthubutu kulifuata dau ambalo angeliogopa, na hapo ndipo makubaliano yanapoweza kukugharimu, hasa ukiwa mtu wa kushinda kwa kuwatisha wengine. Tena, usiuchanganye utaratibu huu na michezo inayoanza na safu mbili huku dau likiendelea kupandishwa, kwani humo thamani ya karata zako yenyewe hubadilika. Kubali pale dau linapokuwa sehemu kubwa ya mtaji wako. Likiwa dogo, safu ya pili inakula muda ambao ungechezea mkono mwingine.