Namna ya kumfuatilia Claude Rains kwenye muvi za zamani, anza na masikio

Wengi wetu tumekulia kwenye mabanda ya video na kule tulijifunza kitu kimoja tu, muangalie stelingi. Stelingi hafi, stelingi ndo anaondoka na mrembo mwishoni, wengine wote wapita njia. Sasa naomba ufanye kinyume kwa wiki mbili tatu hivi, stelingi muache, mfuate mtu wa pembeni, na wa kuanza naye ni mwigizaji Claude Rains. Huyu alifika Hollywood ameshaiva jukwaani zaidi ya miaka 30, na ukizitazama kazi zake kwa mpangilio unaona kabisa jukwaa lilimpa nini.

Kabla hujashusha muvi yoyote jua kwanza ametokea wapi, maana bila hapo hutaelewa ile sauti. Alizaliwa London mwaka 1889, familia ya hali ya chini, akakua anaongea Kiingereza cha mtaani cha Cockney na juu yake ulimi una shida, herufi r haimtoki vizuri. Jukwaani kapanda 1900 bado mtoto, alafu akapata kazi His Majesty's Theatre, jumba la maigizo la London, kwa mwenye jumba Herbert Beerbohm Tree, kazi yenyewe ya kukimbia huku na huku nyuma ya jukwaa kuwaita waigizaji zamu yao ikikaribia. Tree akamwona ana kitu, akamlipia masomo ya kuongea. Ikaja vita ya kwanza ya dunia, akapigwa na gesi ya sumu Ufaransa, jicho la kulia likabaki karibu halioni kabisa. Aliporudi akaendelea na jukwaa mpaka akawa mwalimu pale RADA, chuo cha uigizaji alichokianzisha Tree mwenyewe 1904, na kati ya waliokaa mbele yake kama wanafunzi yumo John Gielgud na yumo Charles Laughton, waliokuja kuwa waigizaji wakubwa. Yaani kijana aliyekuwa hawezi r ndo akaja kuwafundisha wenzie kuongea. Ile sauti ya kifahari hakuzaliwa nayo, aliijenga tofali kwa tofali, na mi kila nikiisikia nawaza hilo.

Haya, muvi ya kwanza ni The Invisible Man ya 1933, ya mwongozaji James Whale, na hapa tafadhali vaa hedifoni. Ndo muvi yake ya kwanza Hollywood, ana miaka 43, umri ambao wengi wanaambiwa wameshachelewa, na wamempa nafasi ya mtu asiyeonekana! Muda wote amefungwa mabandeji na miwani myeusi au hayupo kabisa, uso wake unauona sekunde chache tu mwishoni. Kwa hiyo mwigizaji hana uso, hana macho, kabakiwa na sauti na mikono na namna ya kusimama. Fumba macho dakika tano popote pale katikati usikilize anavyopanda, anaanza chini na adabu kidogo, hasira inaingia taratibu, mpaka inafika ile kelele na kicheko cha mtu ambaye akili imeshamtoka, na maneno yote bado unayasikia moja moja. Hiyo ni pumzi ya mtu aliyezoea kumfikia mteja wa kiti cha nyuma kabisa ghorofani bila maikrofoni. Ni fupi, saa moja na dakika kumi hivi, tafuta kopi iliyosafishwa maana zile zenye mikwaruzo zinakuibia hicho hicho ulichofuata.

Watu wengi wanaanza na Casablanca, usifanye hivyo. Ni tamu mno, utajikuta unawaangalia mastelingi wake Bogart na Bergman na huyu mtu wetu anakupita.

The Adventures of Robin Hood ya 1938 itazame kwa raha tu, ina rangi nzuri na yeye ndo Prince John, adui mwenye maringo, hamna cha kuchimba sana. Ila Mr. Smith Goes to Washington ya 1939 hapo kaa vizuri. Anacheza seneta Paine, mzee anayeheshimika ambaye zamani alikuwa mtu wa haki na sasa yuko mfukoni mwa tajiri mmoja. Cha kufanya, kila James Stewart, yule kijana Smith mwenyewe, akianza kuongea we mwangalie Rains. Kuna sini ya kwenye treni kijana anamkumbushia mzee Paine urafiki aliokuwa nao na marehemu baba wa huyo kijana, irudie mara mbili, ya pili zima sauti kabisa. Utaona furaha ya kweli inakuja usoni alafu aibu inaifuata nyuma nyuma na hajafanya kitu chochote kikubwa, hakuna jicho la kutumbua wala jasho la kupanguza. Jukwaani unajifunza kusikiliza kwa sababu mwenzio anaongea dakika tatu nzima na watu wanakuona umesimama pale, huna pa kujificha, na kamera ikija karibu kile kipaji ndo kinalipa. Waigizaji wengi wa kwetu wanakosa hapo, mwenzie akiongea yeye anasubiri zamu yake tu.

Baada ya hapo ruka mpaka Notorious ya 1946, ya mwongozaji Hitchcock, kwangu hii ndo kazi yake kubwa kuliko zote. Ni Mnazi, adui kamili, na unamhurumia! Ingrid Bergman alikuwa mrefu kuliko yeye, wakawa wanamnyanyua kwenye baadhi ya sini, ila urefu ule ule ndo unasema kitu, mwanaume anayempenda mwanamke asiyemfikia na ndani anajua. Tazama usiku anaoenda kumwamsha mama yake kumwambia mke wake ni jasusi, sauti imeshuka, haigizi ukali, ni mtoto kaja kushtaki kwa mama. Na zile ngazi za mwisho nakuomba usiguse simu.

Sasa ndo uifungue Casablanca ya 1942. Utacheka na kapteni Renault kuliko ambavyo ungecheka mwanzo maana masikio yameshazoea, anavyoitupa sentensi kama haina uzito na inatua pale pale. Angalia chupa ya maji ya Vichy karibu na mwisho (Vichy ndo jina la ile serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wanazi), anavyoisoma, anavyoiangusha kwenye ndoo ya taka, hajatamka kitu na mtu mzima kabadilika mbele yako.

Ukitafuta habari zake utakuta aliteuliwa Oscar mara nne kama mwigizaji msaidizi, kwa Mr. Smith, Casablanca, Mr. Skeffington na Notorious, na hakupewa hata moja. Inaniuma mpaka leo nisikudanganye. Ila 1951 alirudi jukwaani Broadway kwenye Darkness at Noon akachukua Tony, tuzo kubwa ya jukwaa, ya mwigizaji bora, ana miaka 60 na kitu, nyumbani kwake walimtambua.

Ya kumalizia ni Lawrence of Arabia ya 1962 na ni ndefu, zaidi ya saa tatu na nusu, igawe siku mbili kama bando au umeme haukuruhusu. Humo ni Bwana Dryden, mzee wa serikali anayeonekana mara chache tu, ameshapita miaka 70. Karibu na mwisho wako ofisini wakubwa wanagawana ushindi na Faisal, mwanamfalme wa Kiarabu, anamuuliza Dryden anaonaje, anajibu kwa sentensi moja fupi kuhusu kimji kimoja cha Uingereza. Rudisha nyuma, fumba macho, isikilize tena.