Namna ya kutafuta na kuomba nakala ya talaka katika mahkama za Unguja na Pemba

Kabla hujapanda daladala kwenda mahkamani, jua kwanza unatafuta karatasi gani. Watu hapa kwetu husema "karatasi ya talaka" kwa vitu vitatu tofauti, na anayeomba kimoja hali anahitaji chengine hurudi mikono mitupu.

Kipo kile alichokiandika mume mwenyewe, pengine kwenye ukurasa uliochanwa daftari la skuli, chini yake majina ya mashahidi wawili. Hicho ni cha nyumbani. Mahkama haina nakala yake ila kama kililetwa mbele ya kadhi kuwa ushahidi. Cha pili ni hukumu au amri ya kadhi, inayotokana na shauri lililofunguliwa na kusikilizwa, liwe la khului (mke kujivua ndoani kwa kumlipa mume), la kufasikhi ndoa (kadhi kuivunja), au la kuthibitisha talaka iliyotamkwa nyumbani. Hii ndiyo iliyomo ndani ya jalada la mahkama. Cha tatu ni cheti cha talaka kinachotolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, taasisi iliyoundwa kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 2018, hiyohiyo inayotoa vyeti vya kuzaliwa na Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi.

Kwa hiyo anayekudai karatasi muulize waziwazi: mnataka cheti, au mnataka hukumu? Aghlabu ofisi zinazotaka kujua tu kama umeachika hutosheka na cheti. Penye mgogoro ndipo hukumu inapohitajika, na mirathi ni mfano mkubwa. Mke aliyeachwa talaka rejea, yaani ile ambayo mume anaweza kumrejea ndani ya eda, na mumewe akafariki kabla eda haijamalizika, anarithi. Eda ikiwa imekwisha, harithi. Familia nzima inaweza kugombana kwa tofauti ya wiki moja, na maneno ya mashangazi hayatoshi. Inatakiwa tarehe iliyoandikwa na aina ya talaka iliyotajwa.

Mahkama ipi?

Ndoa na talaka za Waislamu wa Zanzibar husikilizwa na Mahkama za Kadhi, ambazo sasa zinaongozwa na Sheria Namba 9 ya mwaka 2017 iliyochukua nafasi ya ile ya 1985. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ni ya Tanzania Bara, haifanyi kazi huku. Vilevile RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, ni ya Bara. Talaka iliyotolewa Wete au Makunduchi usiende kuiulizia Dar es Salaam. Hata rufaa haziko huko, kwa sababu Katiba ya Zanzibar hairuhusu mashauri ya sheria ya Kiislamu yaliyoanzia kwa kadhi kufika Mahkama ya Rufani ya Tanzania. Na kama ndoa haikuwa ya Kiislamu, usipoteze muda kwa kadhi, maana talaka hizo hupitia mahkama za kawaida.

Sasa, wilaya. Jalada hukaa pale shauri lilipofunguliwa, na si lazima iwe pale ndoa ilipofungwa. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Chukua mfano wa watu waliooana Wete na kuishi Unguja mjini miaka mingi. Wakagombana, mke akarudi kwa wazee wake Ole, wilaya ya Chake Chake, na kwenda kwa kadhi akiwa kwao. Mtoto wao akija kutafuta, ataanza Wete kwa sababu cheti cha ndoa ni cha huko, kisha aende mjini kwa sababu ndiko alikokulia, kumbe jalada liko Chake Chake muda wote. Basi swali la kuwauliza wazee ni hili: wakati wa ugomvi, mama alikuwa anakaa kwa nani? Wanawake wengi hufungua mashauri wakiwa wamesharudi kwao, kwa hiyo anzia wilaya ya wazee wa mke.

Kumbuka pia mipaka imebadilika. Magharibi A na Magharibi B zilikuwa wilaya moja; sensa ya 2012 bado iliihesabu Magharibi kama moja. Talaka ya zamani kutoka Fuoni au Bububu inaweza kuandikwa "Wilaya ya Magharibi" tu.

Majina na tarehe

Karani hatafuti sura ya mtu, anatafuta maandishi ndani ya daftari. Mpe majina matatu ya mke na matatu ya mume: jina lake, la baba na la babu. Uzuri wa kwetu ni kwamba mwanamke habadilishi jina akiolewa, basi jina la baba yake litakuwa lilelile kabla na baada ya ndoa. Ubaya ni tahajia. Aliyeandikwa Fatma katika cheti cha ndoa anaweza kuwa Fatuma katika daftari la mahkama. Khamis akawa Hamisi, Othman akawa Othuman. Mwengine anajulikana mtaani kwa jina la utani tu, na wanawe wenyewe hawajui la kuzaliwa. Andika sura zote za jina unazozijua kwenye karatasi moja umkabidhi karani, na weka bayana nani alikuwa mdai na nani mdaiwa, kwani shauri huorodheshwa kwa jina la mdai kwanza.

Mwaka una uzito kuliko siku, kwa sababu madaftari hupangwa kwa mwaka. Kama mzee anakwambia "ilikuwa Mfunguo Tatu, mwaka ule karafuu zilikuwa nyingi," usimkatize. Muulize mtoto gani alikuwa ameshazaliwa, nani alikuwa ameanza skuli, mpaka upate mwaka wa kawaida, au walau miaka miwili mitatu ya kupekua. Mfunguo Tatu ni Dhulhija. Siku hizi kalenda za kugeuza tarehe za Hijria zimo hata kwenye simu.

Utakachobeba ni kitambulisho chako na kivuli chake (fotokopi), cheti cha ndoa kama kipo, na karatasi yoyote ya zamani yenye nambari ya shauri: samansi, risiti, hata barua ya sheha, kiongozi wa mtaa au kijiji, iliyowapeleka mahkamani. Nambari hiyo ikipatikana, kazi ya siku nzima huwa ya dakika chache. Kama wewe si mmoja wa waliotalikiana, beba kinachoonesha unavyohusika: cheti chako cha kuzaliwa, cheti cha kifo cha mzazi, au hati ya uwakala ikiwa umetumwa na ndugu aliyeko Maskati au London. Mambo ya ndani ya nyumba za watu yamo katika majalada hayo, na karani ana haki ya kukuuliza unayatakia nini.

Barua

Maombi ya mdomo husahauliwa karani akibadilishwa zamu. Andika barua fupi, nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Inaweza kuwa hivi:

Mheshimiwa Kadhi,
Mahkama ya Kadhi ya Wilaya ya (jina la wilaya).

Assalamu alaykum.

YAH: KUOMBA NAKALA YA HUKUMU YA TALAKA

Mimi (majina matatu), mkaazi wa shehia ya (jina), mwenye kitambulisho nambari (nambari), naomba nakala iliyothibitishwa ya hukumu katika shauri nambari (kama unaijua) la mwaka (mwaka), baina ya (mdai) na (mdaiwa). Mimi ni (mdai, mdaiwa, au mtoto wao). Nakala hii naihitaji kwa ajili ya (ndoa, mirathi au jengine). Nimeambatanisha kivuli cha kitambulisho na cha cheti cha ndoa.

Natanguliza shukrani.
(Sahihi, tarehe, nambari ya simu)

Neno "iliyothibitishwa" lisikosekane. Kivuli kitupu, bila sahihi na muhuri wa mahkama, hakikubaliki kwengine.

Nenda asubuhi, na si Ijumaa wala ndani ya Ramadhani ukiweza, maana muda wa kazi siku hizo ni mfupi. Amkia, eleza haja yako kwa utulivu, mpe karani nafasi ya kupekua. Ada ikitajwa, lipa kwa utaratibu wa mahkama na uchukue risiti. Mtu akikwambia mpe yeye mkononi ili jambo liende haraka, kataa kwa adabu na umuombe nambari ya malipo.

Ukikabidhiwa nakala, usiikunje mkobani mara moja. Soma palepale dirishani: majina yote, nambari ya shauri, tarehe ya talaka, idadi yake, na kama ni rejea au ni bain, yaani isiyo na kurejea. Khului ni bain, hivyo nakala inayoandika khului halafu ikasema mume ana haki ya kurejea ina kasoro, na ni rahisi kuirekebisha leo kuliko mwakani.

Ikiwa haipatikani

Uliza kama shauri lilikatiwa rufaa, kwani jalada huenda likafuata rufaa na lisirudi. Talaka za enzi za himaya ya Waingereza, kuanzia 1890 hadi Disemba 1963, ni za kutafutwa Nyaraka za Taifa, Kilimani. Huko zimo kumbukumbu za makadhi wa wakati ule, wa Kisunni na wa Kiibadhi, na nyingi ni za Kiarabu cha mkono. Nenda na mtu anayekisoma.

Lakini sababu ya kawaida kabisa ni kwamba hakuna kilichofika mahkamani. Mume alitamka, akaondoka, pengine akaoa kwengine, na mwanamke akabaki bila mume na bila karatasi. Dada uliye katika hali hiyo, hujakwama. Nenda kwa kadhi wa wilaya yako ufungue shauri la kuthibitisha talaka. Peleka karatasi aliyoandika kama ipo, na mashahidi waliosikia: mama, jirani, kaka yake mwenyewe akikubali. Mume ataitwa. Kadhi akishajiridhisha atatoa uamuzi wa maandishi, na huo ndio utakaokuvusha kwenye ndoa mpya. Naliona hili ni jambo la haki, si la makaratasi. Mwanamke asiyeweza kuonesha kwamba ameachwa anaweza kuzuiwa kuolewa kwa miaka na mtu ambaye hata hamlishi.

Hukumu ikiwa mkononi, ipeleke ofisi ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii ili talaka isajiliwe na cheti kitolewe. Toa vivuli kadhaa, kimoja kikae kwa ndugu unayemuamini.

Ukihitaji mtu wa kukuandikia barua au kusimama nawe, wasaidizi wa sheria wapo katika shehia nyingi, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2018 inawatambua. Sheha wako anaweza kukuelekeza kwao. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar nacho kinapokea watu Unguja, na kwa ndugu zetu wa Pemba kina ofisi Chake Chake.