Kabla seva yako ya Java haijabisha hodi kwa wenzake

Programu yako inapoita huduma ya wavuti ya kampuni nyingine, wewe ndiye mgeni mlangoni. Waulize wenyeji mapema wanataka utambulisho gani: jina na nywila, tokeni (kibali cha maandishi wanachokupa), au cheti (kitambulisho cha kidijitali). Waombe pia anwani ya majaribio. Ni simu moja tu, lakini wengi wetu huanza kuandika kodi, yaani msimbo wa programu, kwa kubahatisha.

Wakisema jina na nywila za kawaida za HTTP, usidhani zimefichwa. juma:siri huandikwa tu kwa Base64, mtindo wa maandishi usio na siri, ikasafiri kama anVtYTpzaXJp, na yeyote anayeiona huirudisha ilivyokuwa papo hapo. Kwa hiyo HTTPS, inayoficha mawasiliano yote njiani, ni lazima. Nywila isikae ndani ya kodi wala kwenye Git, ghala la matoleo ya kodi. Iweke kwenye faili la seva linalosomwa na programu hiyo pekee.

Kisha jiulize seva yako nayo itamwamini nani. Java huja na faili la cacerts, orodha ya vyeti inavyoviamini, ambalo kabla ya Java 18 nywila yake ya kawaida, changeit, ilijulikana dunia nzima. Ukiongeza cheti chako humo, siku ya kuweka toleo jipya la Java huenda usikikute. Tengeneza hifadhi yako ya vyeti kwa keytool, zana inayokuja na Java. Na kama seva moja inabeba programu kadhaa, jihadhari na javax.net.ssl.trustStore (hifadhi ya vyeti vya kuaminiwa) na Authenticator.setDefault (jina na nywila za kutumia): vyote viwili hushika JVM nzima, yaani mashine ya Java inayoziendesha programu hizo, na ulichorekebisha kwa programu hii kitaivuruga ile. Kila programu inayoita huduma ipewe mipangilio yake. Mtandaoni utakuta kodi fupi inayoiambia Java iamini cheti chochote. Usiitumie hata kwa majaribio, maana ya majaribio ndiyo huishia kwenye kazi halisi.

Hakikisha pia saa ya seva ni sahihi. Hilo nalisisitiza kwa sababu lilinifika. Hapa Lamu nahudumia mfumo wa kuhifadhi vyumba vya wageni, na seva iko kwenye chumba kidogo Langoni. Usiku mmoja umeme ulikatika. Uliporudi, malipo yote yakakataa, na kwenye kumbukumbu za seva nikaona CertificateNotYetValidException. Nilikagua nywila, nikakagua mtandao, mpaka nikatazama tarehe ya mashine: ilikuwa imerudi nyuma miaka kadhaa, betri ndogo ya saa imekufa. Kwa Java, cheti kile kilikuwa bado hakijaanza kazi. Basi washa NTP, inayosahihisha saa kupitia mtandao, na ubadilishe betri hiyo kabla ya msimu wa wageni. Huduma za SOAP, zinazotumiana ujumbe wa XML, zikiwa na muhuri wa wakati ni kali zaidi. Katika WSS4J, maktaba ya Java ya usalama wa SOAP, muda wa kawaida wa ujumbe kukubalika ni sekunde 300.

Wanaotumia JAX-WS, njia ya Java ya kuita huduma za SOAP, wakumbuke iliondolewa kwenye JDK, kifurushi cha zana za Java, tangu Java 11, mwaka 2018. Maktaba yake ongeza mwenyewe.

Mwisho, soma tarehe ya kuisha kwa cheti kwa keytool -list -v na uiandike kwenye kalenda za watu wawili, angalau mmoja wao awe ni mtu wa kisiwani, asiyehitaji kungoja boti ya Mokowe, upande wa bara, ili aifikie seva.