Ota jua, simu iache ndani
Wenzangu wa Uyole, Mafinga na Makambako, baridi hii ya Juni na Julai ina faida yake. Saa nne asubuhi, jua likishachangamka, toa kigoda nje, uligeuzie jua mgongo, simu iache ndani. Usichambue maharage wala kupukuchua mahindi. Mikono itulie kabisa. Nusu saa inatosha. Anayepita akiuliza "leo huna kazi?" mwambie unaota jua. Huku kwetu nani atabishana na hilo?

Mlioajiriwa nanyi msione haya: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo mapumziko ya angalau dakika 60. Meseji za bosi zingoje.