Kuandaa Mahubiri Kutoka Kifungu Kimoja: Marko 4:35–41 Hatua kwa Hatua

Mahubiri mengi huharibika siku ya Jumatatu, pale mhubiri anapojiuliza "Jumapili niseme nini?" kabla hajafungua Biblia. Akishapata wazo lake, huchukua itifaki, kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mistari yanamopatikana, na kuanza kusaka mistari ya kulibeba. Mstari hauwezi kukataa. Utabeba chochote utakachoutwika, na watu wataitikia Amina. Ndiyo maana ni salama zaidi kuanza na kifungu kimoja na kukaa nacho wiki nzima. Hapa tutumie Yesu kutuliza dhoruba, kifungu kinachopendwa sana na kukosewa sana.

Kwanza weka mipaka. Namba za sura na mistari hazikuandikwa na Marko. Mgawanyo wa mistari ya Agano Jipya tunaoutumia ulitokana na Robert Estienne mwaka 1551. Kwa hiyo soma kuanzia 4:1 hadi 5:20 hata kama utahubiri mistari saba tu. Katika 4:35 Yesu anasema wavuke mpaka ng'ambo, na 5:1 inasema wakafika ng'ambo. Namba ya sura imekaa katikati ya neno la Yesu na kutimia kwake, na anayeishia 4:41 bila kufunua ukurasa hataliona hilo.

Sasa soma. Mara kumi si nyingi, na angalau mara tatu iwe kwa sauti. Soma tafsiri mbili za Biblia, Union Version na Habari Njema, kwa pamoja, kalamu mkononi, na vitabu vya ufafanuzi viwe bado vimefungwa. Andika kila linalokushangaza na kila neno litakalomkwaza msikilizaji. Union inasema Yesu alikuwa katika shetri, amelala juu ya mto. Shetri ni sehemu ya nyuma ya chombo, na wengi kanisani hawalijui neno hilo. Mto ni ule wa kulalia kichwa. Asiyefuatilia kwenye Biblia anaweza kubaki anawaza mto wa maji. Sentensi moja ya kueleza inatosha, lakini usipoisema, umewapoteza watu kabla hujaanza.

Kisha angalia neno linalorudiwa. Mstari wa 37 una dhoruba kuu, wa 39 una shwari kuu, wa 41 una hofu kuu. Katika Kiyunani pia ni neno lile lile mara zote tatu, megas, kwa hiyo si bahati ya tafsiri. Kaa hapo hata saa nzima. Mbona hofu kuu imetajwa baada ya bahari kutulia? Wanafunzi wameokoka, maji yamelala, na ndipo wanatetemeka wakiulizana, "Ni nani huyu?" Sasa fungua Zaburi 107:23–30, ambapo mabaharia wanamlilia Bwana naye anaituliza dhoruba. Aliyekuwa amelala kwenye shetri amefanya kazi ambayo zaburi inampa Mungu. Huo ndio moyo wa kifungu, na mahubiri yote yajengwe juu yake.

Hadi hapo ni Jumatano. Andika wazo kuu kwa sentensi moja isiyozidi maneno ishirini: "Yesu aliyelala chomboni ana mamlaka ya Mungu juu ya bahari, hivyo tumwamini hata anapoonekana yuko kimya." Ukishindwa kuifupisha, hujakielewa kifungu, au umebeba mahubiri mawili kwa wakati mmoja. Sasa ndipo ufungue vitabu vya ufafanuzi, vikusahihishe ulipokosea.

Kosa kubwa la kifungu hiki ni kugeuza dhoruba kuwa madeni, ugonjwa au ndoa, kisha kutangaza kwamba Yesu ataituliza wiki hii. Marko hakuahidi hivyo. Yupo mama kanisani ambaye mwanawe alifariki baada ya maombi mengi; akisikia ahadi hiyo, atarudi nyumbani akijilaumu kwamba imani yake ilikuwa haba. Mwambie kilichopo kweli: wanafunzi waliikuta dhoruba kwa sababu walimtii Yesu alipowaambia wavuke, na kilio chao, "Si kitu kwako?", hakikumfanya awaache. Aliwakemea, ndiyo, lakini baada ya kuamka na kuwaokoa.

Mpango wa dakika thelathini ufuate mwendo wa hadithi: utangulizi dakika 3, dhoruba 7, shwari 6, hofu 9, mwito na maombi 5. Sehemu ya hofu imepewa nyingi kwa sababu ndiko uzito uliko. Wengi hutumia dakika 15 kwenye dhoruba, wakimwiga mvuvi na mawimbi, kisha swali la "Ni nani huyu?" linapigwa mbio mwishoni. Maelezo ya mazingira yawe machache: ziwa la Galilaya liko takriban mita 210 chini ya usawa wa bahari, limezungukwa na vilima, na upepo ukishuka ghafla huchafua maji. Angalau wanne kati ya wanafunzi walikuwa wavuvi, kwa hiyo hofu yao haikuwa ya wageni wa maji. Inatosha.

Mfano wa maisha uwe mmoja kwa kila sehemu, mfupi kuliko maelezo ya kifungu. Ukimaliza na watu wanaukumbuka mfano bila kukumbuka ulikuwa unaelezea nini, uondoe.

Ijumaa andika mahubiri yote, kisha yapunguze yawe karatasi moja yenye herufi kubwa. Jumamosi yahubiri kwa sauti ukiwa umesimama, saa ikiwa mbele yako. Ukifika dakika 38, kata. Usipange kuongea haraka. Fanyia mazoezi hata kukisoma kifungu: tua kabla ya "Nyamaza, utulie", kisha sema polepole. Watu wengi husikia Neno kwa usomaji huo tu, na kusoma kwa kukwaruza ni kuwanyima.

Mimbarini, kipaza sauti kinafanya kazi yake. Huna haja ya kupiga kelele. Sentensi nzito iseme kwa sauti ya chini na uachie kimya sekunde mbili. Ukisema "namalizia", malizia.

Katikati ya wiki inayofuata muulize msikilizaji mmoja au wawili, kijana na mzee, wanafunzi waliogopa nini baada ya bahari kutulia. Wakijibu "mawimbi", rudi kwenye maandishi yako utafute ni wapi ulipowapoteza.